HOTELI YA HALIWELO: Mbegu Ndani ya Dohani

"Usiwashe!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua baadhi yenu mmenilaani siku zote hizi. Poleni. Njiti ya kiberiti bado inawaka kati ya vidole vya Meneja Anyelwisye. Amepiga goti mbele ya meko ya ukumbini, suti nyeusi mwilini, tai shingoni, mwezi wa Oktoba, mchana kweupe, jua la Sumbawanga likiunguza bati mpaka linalia. Mlangoni amesimama mpishi wake, Dominika, aliyepiga ukelele huo, bakuli la supu mikononi.

Kwa wale waliofungia maandazi gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nitaeleza mara moja tu.

Nyumba hii iliyo juu ya kilima aliijenga Mwingereza mmoja, Bwana Haliwelo, akiiga nyumba ya baba yake huko kwao. Nasema aliijenga kwa sababu ndivyo kibao cha mlangoni kinavyodai. Tofali walichoma Wafipa, mawe walibeba Wafipa, yeye alichagua pa kuweka kiti. Alipoona nchi imepata wenyewe alifungasha virago akaenda zake, na nyumba ikaangukia mikononi mwa shirika moja la umma, ambalo msinilazimishe kulitaja. Ikawa hoteli.

Mwingereza aliondoka, lakini alisahau suti kabatini. Anyelwisye aliyeletwa kutoka Mbeya kuiendesha hoteli aliikuta, akaivaa, na tangu siku hiyo hajaivua. Mikono ya suti inapita vidole vyake. Nchi nzima tunaitana Ndugu, yeye anataka aitwe Bwana. Juu ya meko ametundika picha ya mbwa wa Haliwelo, na kila asubuhi mtumishi lazima aifute vumbi. Mbwa alikufa zamani sana. Nadhani alikuwa na akili kuliko huyu anayemtukuza.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Mwaka jana watu waliokaa ukingoni mwa bonde la Rukwa walihamishiwa kijiji kipya, Tuungane, chini ya kilima cha hoteli. Walijenga vibanda vya haraka haraka, visivyo na dari. Na Mfipa asiye na dari juu ya meko hana pa kuweka mbegu yake ya ulezi, maana mbegu hulala moshini, wadudu wasiiguse, mpaka mvua. Dominika, ambaye kijijini wanamwita Mama Zenon, aliwaonea huruma wenzake na akajionea huruma mwenyewe. Akakusanya masuke ya kina mama wote, akayatia vikapuni, akayatundika ndani ya dohani kubwa ya ukumbini, ile njia ya moshi iliyo juu ya meko haya haya, mahali ambapo bomba la jiko lake la kupikia hutolea moshi. Moshi kidogo, kila siku. Pazuri kuliko dari.

Alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri: nani atawasha moto sebuleni mwezi wa Oktoba? Alisahau anamfanyia kazi nani.

Ikiungua mbegu ile, kijiji kizima hakina cha kupanda. Haya, turudi ukumbini.

"Wewe mpishi," alisema Meneja polepole, "nani amekuruhusu kupita mlango wa mbele?"

Njiti ikamchoma kidole. Aliitupa, akajinyonya kidole kama mtoto mchanga, halafu akakumbuka kwamba mgeni anamtazama.

Mgeni huyo ni Ndugu Fanueli, afisa kutoka makao makuu Dar es Salaam. Kazi yake ni kuamua kama hoteli ipandishwe daraja la kwanza na meneja wake ahamishiwe Dar, karibu na feni. Ndugu Fanueli alikuwa mezani, leso kifuani, mfupa mkononi. Tangu aketi alikuwa anahutubia. "Kilimo cha kufa na kupona!" alisema, akameza. "Kila kipande cha ardhi kilimwe! Hata mbele ya ofisi!" akameza tena. Jembe mtu huyu mara ya mwisho alilishika wakati wa kupigwa picha.

"Nauliza, una kichaa?" Meneja alichukua njiti nyingine. "Hoteli ya daraja la kwanza humpokea mgeni kwa moto. Hata Haliwelo alifanya hivyo."

"Kuna nyuki, Bwana Meneja," alisema Dominika. Lilikuwa neno la kwanza lililomjia. "Dohani imejaa nyuki. Ukiwasha watashuka wote humu ndani."

Uongo mzuri. Ungemtisha mtu yeyote. Lakini Dominika hakujua anashindana na tumbo la namna gani.

"Nyuki?" Ndugu Fanueli alishusha mfupa. "Basi kuna asali!"

"Labda, Ndugu, lakini..."

"Asali ya Ufipa! Anyelwisye, washa moto haraka. Moshi uwatoe nyuki, sisi tutoe asali."

Meneja alikwisha washa njiti ya pili na alikuwa anaisogeza kwenye kuni.

"Itayeyuka!" alipiga kelele Dominika. "Nta inashika moto kama mafuta ya taa, Ndugu Afisa. Utakula majivu."

Ndugu Fanueli alimshika Meneja mkono kwa nguvu mpaka njiti ikazimika. Kwa ajili ya mbegu ya watu asingenyanyua hata kidole. Kwa ajili ya asali aliinuka mzima mzima kutoka kitini.

"Apande mtu," aliamuru. "Kwa mkono."

Akaitwa Kornel.

Kornel ni mwandazi wa meza, kijana wa hapo hapo Tuungane, mtoto wa Mama Silvana. Amevaa glavu nyeupe na amejifunza kusema "yesi sa" bila kufungua midomo. Wiki chache nyuma Meneja alimnong'oneza kwamba akiwa mwaminifu atapewa cheo cha mpishi mkuu, yaani cheo cha Dominika. Tangu hapo hata kumsalimu mama wa watu ilikuwa shida.

Walimwekea kiti ndani ya meko. Akapanda, kichwa kikaingia dohani, mabega yakafuata, ikabaki miguu. Ndugu Fanueli alisogea chini yake na sahani mkononi.

Masizi machache yakadondoka kwenye sahani.

"Vipi?" aliuliza Meneja. "Wamekuuma?"

Miguu ile miwili ikaacha kusogea.

Dominika alijua Kornel anaona nini. Kila mama alifunga kikapu chake kwa kipande alichokirarua kwenye kitenge chake mwenyewe, ili siku ya kupanda wasigombane. Na kikapu cha kwanza kabisa, kilicho chini, kilifungwa kwa kitenge chekundu chenye maua ya njano. Cha Mama Silvana. Kornel amebebwa mgongoni kwa kitenge cha mama huyo, hakuna kitambaa anachokijua zaidi.

Sema nyuki, mtoto wewe, aliomba Dominika moyoni. Sema wamejaa, ushuke.

"Hakuna nyuki, Bwana," ilisema sauti ndani ya dohani.

"Kuna nini?"

"Kuna vikapu."

Mwaminifu huyo! Glavu nyeupe, moyo mweusi kwa masizi. Alichokifanya kwa mkono wake mwingine humo gizani hakuna aliyekiona isipokuwa mimi, nanyi kwa kuwa nawaambia: alifungua kile kipande chekundu cha kitenge cha mama yake, akakisokomeza mfukoni. Hakuokoa kikapu, aliokoa jina la mama yake tu. Halafu akavivuta vikapu, na masizi ya miaka yote ya Haliwelo yakamshukia Ndugu Fanueli pamoja na sahani yake, kuanzia kichwa hadi tumbo.

Meneja hakumwangalia mgeni wake aliyekuwa anakohoa. Aliangalia masuke yaliyomwagika kwenye zulia, na macho yakamtoka.

"Ulanguzi!" alinguruma. "Magendo! Hii inakwenda Zambia! Mmeigeuza hoteli yangu ghala la wahujumu!"

"Ni mbegu," alisema Dominika.

"Nyamaza! Utalala polisi leo."

"Nasema ni mbegu, Bwana Meneja. Ya kijiji. Mlanguzi gani atalangua masuke yenye moshi?" Aliweka chini bakuli la supu. Hofu ilikuwa imekwisha kuwa hasira. "Tulihamishwa, hatukupewa dari. Mbegu haikai sakafuni, inaliwa. Nikaitunza palipo na moshi. Mvua ikinyesha mngeona nimeishusha, na hoteli yako isingepungukiwa na kitu."

"Mbegu ndani ya nyumba ya Haliwelo!" Meneja alimgeukia mbwa wa ukutani, utadhani anamwomba radhi. "Ndugu Afisa, nitaichoma yote sasa hivi. Mbele yako."

Ndugu Fanueli alikuwa anajipangusa uso kwa kitambaa cha meza. Lilipotokea jicho moja, lilitazama masuke. Likayatazama kwa muda mrefu.

"Huu ni ulezi?"

"Ndiyo, Ndugu," alisema Dominika. Kwa mara ya kwanza alipata tumaini.

"Ule wanaotengenezea pombe?"

Tumaini likafa pale pale.

"Nimesikia sifa zake tangu Dar," alisema Ndugu Fanueli, na ulimi ukatoka kulamba mdomo, ukakuta masizi, ukarudi. "Anyelwisye, usichome. Kuchoma ni ufujaji wa mali. Watupikie pombe. Jumamosi tuwaalike viongozi wa mji, tuonje utamaduni."

"Wazo zuri sana, Ndugu!"

Ndiyo, wazo zuri sana. Anataka kunywa mavuno ya watu kabla hayajapandwa, akojoe, aandike ripoti. Na kuna watu watasema ana roho nzuri, maana alizuia isichomwe.

"Mpishi, umesikia?" alisema Meneja. "Jumamosi. La sivyo, polisi."

Dominika aliinamisha kichwa. Kichwani mwake alikuwa anahesabu kwa njia nyingine. Kupika pombe ya ulezi huanza na kimea: unaloweka, unaotesha, unaanika juani, unasaga, halafu ndipo unapika. Leo Jumanne. Hawa mabwana wawili wanajua kata ya pombe inavyoshikwa, mambo ya jikoni hawayajui. Wakimwachia vikapu, atawapelekea wenzake kijijini kidogo kidogo chini ya maganda ya viazi, na Jumamosi atatafuta kisingizio.

"Sawa, Bwana Meneja. Nipeni vikapu, nianze kazi."

"Vitakaa stoo yangu," alisema Meneja. "Ufunguo ninao mimi."

Hata hilo lingewezekana. Stoo ile ina dirisha, na Dominika anajua kitasa chake hakifungi. Alirudi jikoni akaosha vyombo, akiwaza nani atakuja dirishani na nani atapokea. Alipotoka nje kumwaga maji ya vyombo, alimwona Meneja anatoka stoo. Mkononi alikuwa na ile ndoo ya bati yenye mdomo wa matundu anayomwagilia maua. Ilikuwa tupu, inadondosha matone.

"Nimekurahisishia kazi," alisema Meneja, ametabasamu. "Kornel ameniambia kwamba kwanza huwa mnaloweka. Basi nimeloweka. Vikapu vyote."

Dominika alisimama na sufuria yake.

Mbegu iliyolowa haisubiri mtu. Siku chache tu inatoa mche, na mche ukishatoka hakuna cha kurudisha moshini. Ama iende pombeni, ama iende ardhini. Na ardhi ya Ufipa mwezi wa Oktoba ni ngumu kama sakafu ya ofisi, mvua iko mbali, na hata umande hakuna.

Alimchukia. Siwezi kutafuta neno la upole. Alimchukia kwa suti yake, kwa tabasamu lake, kwa ile ndoo. Zaidi ya yote alimchukia kwa sababu hakufanya kwa ukatili. Alidhani amesaidia.

"Ahsante, Bwana Meneja," alisema.

Asubuhi iliyofuata mabwana wawili waliondoka na Landrova kwenda Laela kukagua kiwanja cha kujenga mgahawa, yaani kwenda kula nyama ya watu wa Laela baada ya kumaliza ya kwetu. Kabla ya vumbi la gari kutulia, Dominika alikuwa amefika Tuungane, pumzi juu juu.

"Imelowa?" Mama Silvana alishika kichwa. "Yote?"

"Yote."

"Basi tumekwisha, Mama Zenon. Ardhi imekauka. Nimejaribu juzi, jembe linarudi juu lenyewe. Tutapanda wapi, kwenye mawe?"

"Nimeona pa kupanda."

"Wapi?"

"Chukueni majembe. Waambie wote."

Na sasa, msomaji, nikuonyeshe kitu ambacho mpaka leo nilikuwa nakipita tu bila kukutajia. Mbele ya hoteli kuna uwanja wa majani. Nyasi fupi, laini, za Kiingereza, ambazo Haliwelo alileta mbegu yake kwa meli. Pana kibao: USIKANYAGE MAJANI. Hapachezwi, hapalishwi mbuzi, hapalaliwi. Panatazamwa tu. Maji ya kijito yaliyopaswa kwenda Tuungane yanapandishwa kilimani kwa bomba, yanamwagilia uwanja huo asubuhi na jioni, kiangazi chote, wakati kina mama wanachota maji kwa kata kwenye shimo la tope. Katika uwanda mzima wa Ufipa, mahali pekee penye udongo laini mwezi wa Oktoba ni pale.

Dominika aliingia stoo kwa dirisha lake. Vikapu vikatoka kimoja kimoja, vizito kwa maji. Kina mama walisimama ukingoni mwa majani, majembe begani, wamevua viatu wale waliokuwa navyo. Nadhani kibao kiliwatisha kidogo, hata wasiojua kusoma.

Mama Silvana, kitenge chake chekundu chenye maua ya njano kimefungwa kiunoni, alikitazama kibao kile. Akakiangusha kwa mpini. Akapiga jembe.

Jembe likaingia lote.

"Hee!" alisema Mama Silvana, na akacheka kwa sauti ambayo hakuitoa tangu wahamishwe. "Kumbe Mzungu alitutunzia shamba!"

Ikawa kazi. Walipindua nyasi zikalala chini, udongo juu, kama wanavyofukia majani katika matuta yao wenyewe. Nyuma yao wengine walifikicha masuke yaliyolowa viganjani na kusia. Waliimba. Mbele ya dirisha la ukumbi wenye picha ya mbwa wa Haliwelo, waliimba Kifipa.

Kornel alitoka barazani na sinia mkononi. Alipoona, rangi ilimtoka.

"Mama," alisema. "Mama, mtafungwa wote. Mimi nitafukuzwa kazi."

Mama Silvana alimtupia jicho mara moja, akaangalia zile glavu nyeupe, akarudi kwenye jembe lake. Ningependa kuwaambia kwamba Kornel aliona aibu. Alichofanya ni kurudi ndani na kupanga vijiko.

Walikuwa wanamalizia pembe ya mwisho Landrova iliporudi.

Meneja aliruka kabla gari halijasimama. Alianguka, akainuka, mikono mirefu ya suti ikipepea. "Majani!" alilia. Nawaambieni alilia, machozi kabisa. "Majani ya Haliwelo! Wauaji! Polisi!" Akakimbilia koki kubwa iliyo ukutani mwa baraza, akaikaza mpaka ikanyamaza. "Haya! Tuone mtaotesha kwa mate yenu!"

Maji yalikatika shambani. Udongo mweusi ulianza kufuka juani.

Ndugu Fanueli aliteremka taratibu, mwekundu kwa vumbi la Laela kuanzia nywele hadi soksi. Alimtazama Dominika.

"Nini hii?"

"Kilimo cha kufa na kupona, Ndugu Afisa," alisema Dominika. "Ulisema kila kipande cha ardhi. Ulisema hata mbele ya ofisi. Tumekusikia."

Kina mama wakapiga makofi kwa adabu, wamechuchumaa, kama wanavyomsalimu mkubwa. Mbele ya watu wengi namna hii Ndugu Fanueli hakuweza kuikana hotuba yake mwenyewe, na dereva alikuwa anasikiliza.

Lakini tumbo lilikuwa na swali lake.

"Na pombe yangu?"

"Ndiyo hiyo," alisema Dominika, bila hata kupepesa jicho. "Pombe haiji bila kimea, na kimea si lazima kiote? Mlitaka nikioteshe wapi, kwenye zulia? Kwetu huku kimea cha wakubwa huoteshwa ardhini. Kinang'olewa, kinaanikwa, kinasagwa. Ndiyo maana pombe ya Ufipa ina sifa mpaka Dar."

Msomaji, wewe una mama na una bibi. Unajua kimea kinaoteshwa ndani ya gunia au kikapu, chini ya majani, kikiwa na joto. Hakuna mwanamke yeyote kutoka Mwimbi hadi Chala aliyewahi kwenda kukifukia shambani. Lakini Ndugu Fanueli amekunywa maisha yake yote bila kumuuliza aliyepika amepikaje. Mtu wa namna hiyo unaweza kumwambia pombe inakamuliwa kwa fahali.

"Ardhini," alirudia kwa heshima. "Hili sikulijua." Ghafla akageuka. "Anyelwisye! Nani amekwambia ufunge maji?"

"Ndugu, majani yangu..."

"Unakausha kimea changu? Fungua koki!"

Ningewalipia nauli mje kuuona uso wa Meneja wakati anaifungua koki ile. Maji yakakohoa ndani ya bomba, yakaja. Udongo ukanywa. Kina mama hawakucheka, maana wana malezi, lakini Mama Silvana aliinama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakuwa amevaa.

Basi ningeishia hapo tukapongezana. Lakini mjinga akichomwa moyoni wakati mwingine hupata akili kwa dakika moja, na ya Anyelwisye ilimjia hapo.

"Ndugu Afisa," alisema, sauti imetulia ghafla. "Huyu mwanamke alisema nyuki, hapakuwa na nyuki. Leo anasema kimea cha ardhini. Mimi na wewe si wenyeji. Tumuulize mwenyeji." Akaita. "Kornel! Njoo."

Kornel alikuja na sinia lake.

"Wewe ni Mfipa. Umezaliwa kwenye moshi wa pombe. Sema kweli, na cheo tulichozungumza ni chako leo hii, mbele ya Ndugu Afisa. Ni kweli kimea huoteshwa ardhini?"

Dominika hakumtazama. Alitazama udongo. Kijana huyu jana alifumbua mdomo mara moja vikashushwa vikapu, akafumbua mara ya pili ikaloweshwa mbegu. Mara ya tatu atamaliza kazi. Mbegu itachokolewa kwa vidole, na kina mama wote watapandishwa gari la polisi.

Kornel alimwangalia mama yake. Mama Silvana alikuwa amesimama katikati ya shamba, matope hadi magotini, na safari hii hakugeuza macho.

"Si kweli, Bwana," alisema Kornel.

Kina mama waliguna. Meneja alipiga kofi la furaha.

"Si kweli kwamba itakuwa tayari Jumamosi," aliendelea Kornel. "Mama Zenon ameona haya kuwaambia. Kimea cha ardhini hakiguswi mpaka mvua ya kwanza ikipige. Na maji yasikatike hata siku moja. Ukikiharakisha, kinaumiza tumbo."

Ndugu Fanueli alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Basi tusiharakishe," alisema upesi. "Nitapiga simu makao makuu. Nitakaa hapa mpaka mvua." Akaingia ndani kutafuta maji ya kuoga, huku akiuliza kuna nini cha kula.

Dominika alivuta pumzi. Alimtazama Kornel kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kijana alikuwa anatabasamu kidogo, kwa woga, na jasho lilikuwa linamtiririka. Akaweka sinia chini, akaingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akajifuta uso.

Meneja Anyelwisye hakuwa ameondoka. Alikuwa anamtazama kijana anavyojifuta. Akasogea karibu, polepole, akamshika kifundo cha mkono.

Haikuwa leso. Kilikuwa kipande cha kitenge, chekundu, chenye maua ya njano, na masizi ya dohani yalikuwa bado yamekishika.

Meneja alikivuta, akakinyoosha juani. Halafu akainua macho, akatazama shambani, kiunoni mwa mwanamke aliyesimama katikati na jembe.

"Kornel," alisema kwa upole ambao haukuwa na upole. "Yule ni nani wako?"